Kulipunga Gari Upepo

Mama yangu hanyamazi. Akianza kisa cha arusi ya zamani utapewa mpaka majina ya waliokuja bila kualikwa. Kwa hiyo Januari ile tuliyokwenda Malindi kumtazama khalati, na yeye akawa kimya kuanzia Mtwapa, nilijua kuna jambo. Nilipomgeukia karibu na Vipingo, pale mashamba ya mkonge yanapoanza, nikaona midomo inacheza. Kumbe hakuwa kimya hata kidogo. Alikuwa akizungumza muda wote, mimi ndiye sikumsikia kwa mvumo wa upepo garini.

Tulipovuka daraja la Kilifi aliniambia nisimamishe gari. "Humu sisikii hata shahada yangu," akasema, akijifunga upya mtandio. "Nikifa mtajuaje?"

Gari lenyewe ni MGB ya mwaka 1972, kigari cha spoti, niliyoachiwa na mjomba. Si gari la ajabu. Zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na ukihesabu na zile zenye paa la chuma zilitoka zaidi ya nusu milioni. Langu ni la paa la turubai: kitambaa cha plastiki juu ya mbavu za chuma, kinachokunjwa nyuma ya viti. Mbele kinabanwa kwenye fremu ya kioo kikubwa kwa makomeo mawili, nyuma kwa vifungo. Vioo vya milango havina fremu juu, vinasimama wima na kuegemea ukingo wa paa. Kati ya kioo na paa hakuna kingine ila kipande cha mpira, na mpira huo ulikuwa umekaushwa na jua la Mombasa kwa miaka mingi.

Nilianza kuutuliza mvumo ule kwa kosa ambalo naamini wengi huanza nalo: nilinunua vitu. Nilibandika mabamba ya lami ndani ya milango na sakafuni, nikatandika sponji chini ya zulia, na mwenye duka akaniuzia na mengine ambayo hata leo sijui yalikuwa ya nini. Nikifunga mlango ulilia *tup*, sauti nzito ya heshima, kama gari la balozi. Nikafurahi wiki nzima. Kisha nikapanda barabara ya Malindi, nikafika spidi 90, na mvumo ukawa ule ule. Lami huzuia bati lisitetemeke, na sponji hupunguza kelele za barabara na injini. Upepo haupiti kwenye bati. Nilikuwa nimeziba masikio ya gari badala ya kumtafuta anayepiga kelele.

Ubaya zaidi, kila kelele niliyoipunguza iliipisha nyingine. MGB yangu ina overdraivu, gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini. Kwa kilomita 110 kwa saa injini huzunguka karibu mara 3,800 kwa dakika katika gia ya nne, na ukigusa swichi zinashuka hadi kama 3,100. Injini inatulia vizuri kabisa. Hapo ndipo unapousikia upepo ulivyo.

Kilichonifungua macho ni kusi, upepo utokao kusini. Julai ile tulikwenda tena, na njia nzima mama alisikika, si maneno yote, lakini nilipata kisa cha nani alimwaga pilau la nani. Nikajisifu, nikidhani lami imeanza kufanya kazi. Wakati wa kurudi, gari lile lile, spidi ile ile, nikampoteza kabla hatujafika Takaungu.

Mtoto wa pwani hakupaswa kuchukua miezi sita kulielewa hilo. Januari kaskazi ilikuwa usoni tukienda, Julai kusi ilikuwa mgongoni. Kwa nahodha hili si somo. Gari halijui namba za dashibodi, linajua hewa inayolipiga. Ukienda 80 na upepo wa 25 ukikusukuma, gari linapigwa na hewa ya 55. Ukirudi 80 na upepo huo ukiwa usoni, linapigwa na hewa ya 105. Na kelele ya upepo haipandi polepole. Sauti inayozaliwa hewa ikikwaruza kingo, vioo na vishikio huongezeka nguvu kwa takriban kipeo cha sita cha kasi ya hewa. Kutoka 80 hadi 100 nguvu ya sauti inakuwa karibu mara nne. Kutoka 55 hadi 105 inakaribia mara hamsini. Tuna bahati kwamba sikio halihesabu hivyo: nguvu ikizidi mara kumi, sikio huona kelele imezidi kama mara mbili tu. Hata hivyo ule ndio ukawa mwisho wa kisa cha pilau.

Tangu hapo majaribio yangu yote nikayafanya alfajiri, kabla upepo haujaamka, kwenye kipande kimoja cha barabara, spidi 90. Nikanunua daftari. Bila hivyo utabadilisha mpira leo, utasikia nafuu, na kumbe aliyebadilika ni upepo.

Adui wa kwanza kukamatwa alikuwa mbinja. Kila nikipita 85, gari lilipiga mbinja nyembamba, kali, inayopanda kadiri ninavyoongeza mwendo. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekubali kazi hii kwa malipo ya chapati za Mtwapa, aliapa kwamba inatoka kwenye paa. Nikashuka, nikaikunja antena ya redio, tukaenda tena. Kimya. Upepo ukipita kwenye fimbo nyembamba huacha nyuma vimbunga vidogo, kimoja kulia, kimoja kushoto, kwa mpangilio kama hatua za askari, na mpangilio huo ndio sauti. Antena ya unene wa milimita 5 katika hewa ya kilomita 100 kwa saa hutoa mbinja ya karibu mitetemo 1,100 kwa sekunde. Dawa yake ni kuuvuruga mpangilio. Nilichukua mshipi wa kuvulia, nikauzungusha kwenye antena kama nyoka anayepanda mnazi, nikaufunga juu na chini kwa gundi. Mabomba marefu ya moshi viwandani huzungushiwa utepe wa chuma kwa sababu ya vimbunga hivyo hivyo. Mbinja haikurudi, na mshipi ulinigharimu chini ya chai na mahamri.

Baada ya hapo ikabaki kazi yenyewe, ule mvumo mzito wa kila mahali. Tabu yake ni kwamba ndani ya gari sauti huzunguka, huwezi kunyoosha kidole ukasema ni hapa. Mpwa wangu alikata mita moja ya mpira wa bustani, ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaipitisha pole pole kwenye maungio yote huku mimi naendesha. "Hapa, shangazi." Kisha, "Na hapa." Kisha, "Shangazi, hapa kuna mtu anapuliza kabisa." Ilikuwa pembe ya juu nyuma ya kioo cha mlango wangu, inapokutana na paa.

Nilitaka kuona kwa macho. Nikachukua chetezo, nikakiweka kwenye sahani ya udongo yenye mchanga sakafuni mwa gari, nikatia udi, nikawasha feni ya hita ili isukume hewa ndani, nikafunga milango na kusimama nje. (Mtu asinifuate katika hili bila kufikiri. Hakikisha hapanuki petroli, usiondoke, na usimweke mtu ndani.) Moshi ukaanza kutoka kidogo kidogo. Ukapenya pembe ile ya juu. Ukapenya pembeni mwa kidirisha cha pembetatu kilicho mbele ya mlango. Ukapenya katikati ya fremu ya mbele, pale makomeo mawili yasipofika. Kisha, na hili sikulitarajia, ukafuka kutoka chini ya boneti. Kijipira kimoja kinachoziba tundu la waya ukutani mwa injini kilikuwa kimeoza na kupotea, na kwa miaka yote hiyo kelele za injini zilikuwa zikipita pale kama mgeni mwenye ufunguo wake.

Jirani alikuwa akirudi sokoni. Akasimama, akalitazama gari linalofuka udi saa tatu ya asubuhi.

"Limepandwa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Pepo wa bara au wa bahari?"

"Wa barabarani," nikamjibu.

Alicheka, lakini jioni alimtuma mtoto kuja kuuliza kama gari limeshapungwa.

Moshi ule ulinifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelishika kinyume. Tunasema upepo unaingia. Gari likiwa katika mwendo na paa limefungwa, mara nyingi hewa hutoka. Hewa inayopanda juu ya kioo na kuvuka paa hulazimika kwenda kasi, na inapokwenda kasi shinikizo lake hupungua. Hewa ya ndani imetulia, shinikizo lake ni kubwa kuliko la nje, kwa hiyo inasukuma. Turubai linatuna juu. Vioo visivyo na fremu vinavutwa nje kama jino. Ndiyo maana kelele huanza ghafla katika spidi fulani: mpaka 75 kioo kinaushika mpira wake, kikifika 80 kinauachia kwa unene wa ukucha, na mwanya ukishafunguka umeshapata filimbi. Ukisimama, kioo kinarudi mahali pake. Unatoka kukagua, huoni kitu, unaondoka ukiulaumu mpira.

Nikathibitisha kwa masking tepu. Nilibandika kila ungio kwa nje, tukaenda, gari likawa tulivu kiasi cha kutisha. Kisha tukawa tunasimama na kubandua kipande kimoja kimoja, mpwa akiandika. Kidirisha cha pembetatu: kelele kidogo. Fremu ya mbele: kidogo zaidi. Pembe ya juu ya kioo cha kulia: mvumo wote ukarudi nyumbani. Kwa bei ya karatasi ya gundi nikajua kwamba zaidi ya nusu ya taabu yangu inakaa mahali padogo kuliko kiganja.

Hapo ndipo nilipaswa kutulia. Badala yake nikanunua mpira mnene wa milango ya pikapu, kwa hoja kwamba mnene huziba zaidi, nikaubandika mwenyewe Jumapili moja. Mlango ukawa haufungi mpaka uupige kama una deni lako. Ulipofunga, ulibaki umechomoza nje kwa unene wa sarafu, na kwa kuwa kioo kimo ndani ya mlango, nacho kikasogea nje, mbali na paa. Kelele ikazidi kuliko Januari. Mama aliingia, akafunga mlango mara tatu, akatoka, akapanda matatu.

Nikaenda kwa fundi. Kuna mzee Kongowea anayeshona mapaa na mapazia ya tuktuk, na baba yake alikuwa akishona matanga ya majahazi. Nilitaraji atazame mishono. Hakuitazama. Aliweka kiganja juu ya paa akakandamiza, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, nipeleke mpaka Nyali halafu turudi." Akakaa mkono umeinuliwa, kiganja kwenye dari, kama mtu anayempima mtoto homa. Tulipopata mwendo turubai likainuka vidole vitatu kutoka kwenye mbavu.

"Lapumua," akasema. "Hili umelifanya tanga. Tanga twalitaka litune. Hili lako lisitune."

Alipolifungua paa alinionyesha. Mbavu zinashikana kwa mikanda ya kitambaa inayokwenda mbele na nyuma, na hiyo ndiyo inayozizuia zisikimbiane. Yangu ilikuwa imechanika mmoja na mwingine umelegea kama kamba ya kuanikia. Turubai lisilo na mikanda hutuna, na likituna huvuta kingo zake zote, na kingo zikivutwa ule mpira wa juu ya kioo hauna cha kufanya. Alishona mikanda mipya ya utepe ule unaotumika kwenye mikoba ya shule, akaipigilia. Kisha akakataa kuendelea mpaka saa sita mchana. "Plastiki haivutwi kwenye kivuli," akasema. Jua lilipokuwa utosini turubai likalainika, akalivuta mbele, akaligundisha upya kwenye ubao wa mbele, sentimita kwa sentimita, akitoa kasoro kwa kijiko cha chai. Lilipopoa likakaza kama ngoma.

Nilimuuliza kama anaweza kuliwekea bitana nene ndani. Nilikuwa nimesoma habari za Volkswagen ya kobe ya paa la kukunja iliyoshonwa na Karmann, yenye paa la tabaka nyingi, nene kama godoro, na tulivu kwa hilo. Alinitazama. "Na ukilikunja utaliweka wapi?" Ni kweli: paa la ile Volkswagen likikunjwa hurundikana nyuma kama mzigo wa mtumba. Tukakubaliana kitambaa kimoja chepesi cha sufu kati ya mbavu za juu, kisichofika kwenye mikunjo. Kilipunguza ule mlio wa kupigapiga, kama alivyosema, na si zaidi. Lipo pia turubai la tabaka tatu, nguo nje, mpira kati, nguo ndani, ambalo wenye magari haya huliita moheya, yaani sufu ya mbuzi wa angora, ingawa mbuzi mwenyewe amekwisha kusahauliwa. Ni zito zaidi, halitikisiki ovyo. Niliiona bei yake pamoja na kulisafirisha kutoka Uingereza, nikaendelea kulipenda langu.

Mpira wa pikapu ulitolewa, tukaweka laini wenye uwazi ndani, unaobonyea ukiguswa. Kuupima nilitumia noti ya shilingi hamsini: unafunga mlango juu yake, unaivuta. Ikitoka bila kubishana, hapo pana mwanya. Ikichanika, mpira umezidi. Pa kioo tulipaka chaki ya cherehani kwenye mpira, tukafunga, tukafungua, tukaona alama ilipoishia. Ilikuwa imeishia robo tatu ya njia, na pembe ile ya juu ilikuwa safi kabisa, haikuguswa. Basi tukang'oa ubao wa ndani wa mlango. Kioo hukimbia katika mifereji inayoshikwa na bolti, na bolti zikilegezwa mifereji inaweza kusogea, kwa hiyo kioo kinaweza kulazwa ndani. Tulikilaza milimita chache tu, chini kikabaki pale pale, juu kikaingia. (Gari hili ni la inchi. Spana za milimita zitakula nati zote kabla hujafika kwenye kioo.) Lengo ni kwamba kioo kikipanda kiukandamize mpira, si kuugusa, ili hata kikivutwa kwa spidi 100 kiwe na akiba ya kuachia. Chaki ya pili ikafika mwisho.

Mpwa alitaka kupaka mipira mafuta ya nazi, maana nyumbani kwetu hakuna kisichopakwa. Nikamnyang'anya chupa. Mafuta huvimbisha mpira wa asili na kuulegeza. Glisirini ya dukani ndiyo nzuri, au silikoni.

Kuziba nako kuna adabu yake. Tulipomaliza, mlango ukawa hautaki kufunga kwa sababu hewa haina pa kutokea. Unateremsha kioo kwanza, basi. Mvua ikinyesha vioo vinafuka, na feni ya hita ya gari hili ni dhaifu kama mgonjwa. Nilijaribu kuacha kifungo kimoja cha nyuma wazi ili pumzi itoke, na kabla ya Mtwapa nikanusa moshi wa ekzosi ndani. Nyuma ya gari hewa hujikunja na kurudi, na hubeba inachokikuta. Nikakifunga, na nakuomba usikifungue.

Paa likiwa wazi ni habari nyingine, na fupi. Inua vioo vya milango, weka kizuizi cha wavu nyuma ya viti kwa sababu upepo unaokupiga shingoni unatoka nyuma, si mbele, na usiende zaidi ya 70. Nani anafungua paa ili awahi mahali?

Agosti, kusi bado ikivuma, tulikwenda tena. Nilimngojea mama wakati wa kurudi, upepo usoni, pale pale Takaungu. Alikuwa katikati ya kisa na hakupandisha sauti. Halafu akakikata, akainamisha kichwa.

"Na hiyo inayolia nyuma ni nini?"

"Difu, mama. Meno yamechoka."

"Tangu lini?"

"Tangu enzi za mjomba. Ilikuwa haisikiki tu."

Alisikiliza mpaka tukaipita Vipingo.

"Kumbe ndiyo maana kaka yangu akiendesha alikuwa haachi kuimba," akasema.